Sumu ya dondakoo: inavyoua seli, na inavyotumika kama dawa

Dondakoo wazazi wengi wanaijua kwa jina tu, pale kwenye kadi ya kliniki, katikati ya kifaduro na pepopunda. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara mazungumzo yakigusa sumu ya ugonjwa huo. Mengine yanatoka kwa wazazi, mengine kwa wanafunzi wa biolojia, na machache kwa watu waliosikia kwamba sumu ya bakteria sasa inatibu saratani na hawakuamini.

Dondakoo ni ugonjwa gani hasa?

Ni maambukizi ya koo na pua, wakati mwingine ya ngozi, yanayoletwa na bakteria aitwaye Corynebacterium diphtheriae. Huenea kwa matone ya kikohozi na chafya, au kwa kugusa vidonda vya mgonjwa. Mgonjwa huanza na homa isiyo kali na maumivu ya koo, kisha utando mzito wa kijivu hutanda kooni. Ukijaribu kuubandua, damu inatoka. Shingo huweza kuvimba na njia ya hewa ikaziba. Hata miongoni mwa wanaopata matibabu, takriban mmoja kati ya kumi hufariki.

Lakini koo si mwisho wa habari. Wapo wagonjwa ambao koo lilikwisha anza kupona, halafu wiki ya pili moyo ukashindwa kazi. Bakteria hawakufika moyoni. Iliyofika ni sumu yao.

Ilijulikanaje kwamba muuaji ni sumu, si bakteria wenyewe?

Mwaka 1884, huko Berlin, Friedrich Loeffler alifanikiwa kuwaotesha bakteria hawa maabara na kuwadunga wanyama. Wanyama walipokufa akawapasua, akakuta jambo la kushangaza: bakteria wamekaa palepale walipodungwa, ila viungo vya mbali vimeharibika. Akahisi kuna kitu kinachosafiri.

Miaka minne baadaye, Émile Roux na Alexandre Yersin wa Institut Pasteur, Paris, walichuja mchuzi uliooteshewa bakteria mpaka hakubaki hata mmoja. Wakawadunga wanyama mchuzi huo mtupu. Wakapooza na kufa vilevile. Mpaka leo, kwa maoni yangu, hilo ni moja ya majaribio safi kabisa katika historia ya tiba: ondoa mtuhumiwa, uone kama uhalifu unaendelea.

Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato wakaonyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo hupata kitu cha kuibatilisha, yaani kingasumu. Kazi ya kingasumu ndiyo iliyompa Behring tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya tiba, mwaka 1901. Kitasato hakupewa kitu. Wapo wanaolalamika hadi leo, nami ni mmoja wao.

Je, kila bakteria wa dondakoo hutoa sumu?

Hapana, na sababu yake inawashangaza wengi. Jeni ya sumu asili yake si ya bakteria. Ni ya virusi vinavyomwambukiza bakteria na kujipachika ndani ya vinasaba vyake. Mwaka 1951 Victor Freeman, mtafiti wa Seattle nchini Marekani, alionyesha kwamba bakteria asiye na madhara akiambukizwa virusi hivyo anageuka kuwa mtengeneza sumu.

Hata akiwa na jeni hiyo, bakteria haitumii muda wote. Madini ya chuma yakiwa mengi, kuna protini yake inayoshikilia jeni isifanye kazi. Chuma kikipungua, protini hiyo inaachia na sumu inaanza kutengenezwa. Na ndani ya mwili wa binadamu chuma huwa kimefungiwa kwenye damu na ndani ya seli, hakizagai ovyo. Kwa hiyo kwa bakteria huyu, kufika kooni kwetu ni sawa na kupewa amri.

Sumu inaingiaje ndani ya seli?

Hapa inafaa twende taratibu, maana dawa zote nitakazotaja mbele zinatokana na hatua hizi.

Sumu ya dondakoo ni protini moja yenye asidi amino 535, nayo ina sehemu tatu. Ya kwanza ndiyo inayoua. Ya pili inatoboa njia. Ya tatu inashika seli. Kila sehemu ina kazi yake, na hakuna inayoweza kuifanya ya mwenzake.

Sehemu ya kushika hutafuta kipokezi kinachoitwa HB-EGF juu ya seli. Kipokezi hicho hakikuwekwa kwa ajili ya sumu. Ni protini ya kawaida inayohusika na ukuaji wa seli na uponaji wa vidonda. Sumu inajishikiza hapo, na kimeng'enya cha seli yenyewe kiitwacho furini kinaikata mahali maalumu, japo vipande viwili vinabaki vimefungana kwa kifungo cha salfa. Kisha seli inaimeza ndani ya kifuko kidogo, kama inavyomeza vitu vingi vingine kila siku.

Kwa desturi, kifuko hicho hutiwa asidi ili kilichomezwa kianze kumeng'enywa. Hicho ndicho sumu inachosubiri. Asidi inapoongezeka, sehemu ya pili inabadilika umbo, inajichomeka kwenye ukuta wa kifuko na kufungua tundu. Sehemu inayoua inalegea, inanyooka kama uzi na kupenya tunduni hadi kwenye majimaji ya seli. Huko kifungo cha salfa kinakatika na kipande kile kinajikunja upya kikiwa huru.

Uthibitisho upo. Seli zikipewa kemikali inayozuia vifuko visipate asidi, mfano kloridi ya amonia, sumu inabaki imefungiwa kifukoni na seli inasalimika.

Ikishaingia, inafanya nini?

Inazima utengenezaji wa protini.

Protini hutengenezwa na ribosomu, mashine ndogo zinazosoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Baada ya kila tatu kusomwa, lazima ribosomu isogee hatua moja. Anayeisogeza ni protini iitwayo EF-2. Fikiria fundi cherehani: sindano ipo, uzi upo, kanyagio linafanya kazi, lakini mkono unaosogeza kitambaa umefungwa kamba. Hakuna nguo itakayopatikana.

Kamba hiyo sumu inaitengeneza kutokana na NAD, molekuli iliyojaa kwenye kila seli na inayotumika katika shughuli za nishati. Sumu inaikata NAD vipande viwili na kukibandika kimoja juu ya EF-2, mahali pamoja tu: kwenye asidi amino iliyorekebishwa kwa namna ya pekee, iitwayo difthamidi. Ndiyo, imepewa jina la ugonjwa wenyewe, diphtheria kwa Kiingereza. Hakuna protini nyingine ya mwili inayojulikana kuwa na difthamidi, ndiyo maana sumu haipotezi muda kwa kitu kingine.

Miongoni mwa waliofumbua jambo hili mwaka 1968 alikuwa kijana wa Kijapani, Tasuku Honjo. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, alipata tuzo ya Nobel kwa ugunduzi mwingine kabisa, uliozaa dawa za kuamsha kinga dhidi ya saratani.

Ni kweli molekuli moja inatosha kuua seli nzima?

Ni kweli. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba molekuli moja tu ya kile kipande kinachoua, ikifika ndani, inaweza kuua seli. Inawezekana kwa sababu kipande hicho ni kimeng'enya: hakimaliziki kwa kutumika. Kinafunga EF-2 moja, kinaiacha, kinakwenda kwa nyingine, mpaka zote ziishe.

Ndiyo sababu dozi ya kuua ni ndogo mno. Inakadiriwa kuwa chini ya mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kwa mtu wa kilo 60, hazifiki mikrogramu 6.

Mbona inaharibu moyo na neva kuliko viungo vingine?

Kooni inaua seli za karibu, na mabaki yake pamoja na seli za damu na bakteria ndiyo yanayofanya ule utando wa kijivu. Kisha inaingia kwenye damu. Misuli ya moyo ina vipokezi vingi vya HB-EGF, kwa hiyo inapigwa sana. Mapigo yanavurugika, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au ya pili.

Neva zinachelewa. Huharibika ganda la mafuta linalozizunguka, na dalili ya mwanzo huwa kwenye kaakaa: mgonjwa anaongea kwa puani, maji anayokunywa yanamtokea puani. Baadaye mikono na miguu inaweza kulegea. Habari njema ni kwamba ganda hilo huota tena, na wanaopona hurudi katika hali yao ya kawaida baada ya wiki au miezi.

Kuna antibayotiki. Hazitoshi?

Hazitoshi. Penisilini au erithromisini huua bakteria, hivyo kuzuia sumu mpya isitengenezwe na mgonjwa asiambukize wengine. Sumu iliyokwisha kutoka haiguswi na antibayotiki yoyote.

Kinachoizuia ni kingasumu, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye damu ya farasi waliochanjwa. Nayo ina mpaka wake: inashika sumu iliyo bado nje ya seli. Ikishazama ndani, basi. Kwa hiyo daktari anayeshuku dondakoo hapaswi kungoja majibu ya maabara. Anatoa kingasumu kwa dalili anazoziona, huku akichunga mzio, maana mwili wa mtu huweza kuikataa protini ya farasi.

Tatizo ni upatikanaji. Ugonjwa ulipopungua duniani, viwanda vingi viliacha kuitengeneza. Mlipuko ulioikumba Nigeria mwaka 2023, Kano ikiathirika kuliko majimbo mengine yote, uliwakuta madaktari wakihangaika kutafuta chupa. Watu huuita ugonjwa wa zamani. Katika nchi zilizokuwa Muungano wa Kisovyeti, chanjo ilipolegea miaka ya 1990, waliugua watu zaidi ya 150,000, wakafa kama 5,000. Mwaka 2017 ukazuka kwenye kambi za wakimbizi wa Rohingya, Cox's Bazar, Bangladesh. Haujazeeka, unasubiri watoto wasiochanjwa.

Kumbe chanjo ya mtoto wangu imetengenezwa na sumu hii?

Ndiyo, ila imezimwa. Mwaka 1923 Mfaransa Gaston Ramon aligundua kwamba sumu ikitiwa formalini na kuwekwa kwenye joto kwa muda inapoteza ukali wote lakini inabaki na sura yake. Mwili unaiona na kutengeneza kingamwili, seli hazidhuriki. Sumu iliyozimwa hivyo huitwa toksoidi.

Hiyo ndiyo iliyomo kwenye pentavalenti, ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inayotolewa Tanzania, Kenya na Uganda, ikikinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto. Chanjo haimzuii bakteria asikae kooni. Inazuia sumu. Kwa ugonjwa huu hilo linatosha kumwokoa mtoto.

Mtu mzima naye anahitaji?

Anahitaji, kwa sababu kinga hupungua na miaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyongeza tatu baada ya zile za uchanga: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya 9 na 15. Chanjo ya Td wanayopewa wajawazito ina dondakoo pamoja na pepopunda.

Nimesikia sumu hii imo hata kwenye chanjo ya nimonia. Inahusiana vipi?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo matumizi makubwa ya sumu hii ambayo watu hawayajui.

Bakteria wanaoleta nimonia kali, pneumokoki, wamejifunika koti la sukari. Kinga ya mtoto chini ya miaka miwili haishtuki ikiona sukari peke yake. Dawa yake ni kuifunga sukari hiyo kwenye protini ambayo kinga inaichukulia kwa uzito. Protini hiyo mara nyingi ni CRM197.

CRM197 ni sumu ya dondakoo yenye kosa moja tu. Mahali pa 52 pangekuwa na asidi amino glisini; pana glutamati. Badiliko hilo moja kati ya 535 linaifanya ishindwe kuikamata NAD, basi haiwezi kumuua yeyote, wala haihitaji formalini. Katika PCV13, mojawapo ya chanjo za pneumokoki, sukari zote 13 zimefungwa kwenye CRM197. Tanzania inatumia chanjo hiyo. Rwanda ilitangulia mwaka 2009 kwa PCV7, iliyobebwa na protini ileile. Sehemu ya chanjo mpya ya homa ya uti wa mgongo, MenFive, nayo inaitumia.

Magazeti hupenda habari za saratani. Lakini ukihesabu watoto waliokingwa, CRM197 imezipita kwa mbali dawa zote za saratani zilizotokana na sumu hii.

Na hiyo ya saratani, ni kweli au uvumi?

Ni kweli, ila si kwa ukubwa unaosimuliwa.

Wazo linatokana na zile sehemu tatu. Ondoa sehemu inayoshika HB-EGF, weka mahali pake kitu kinachoshika seli za saratani pekee. Sehemu ya kutoboa na ya kuua ziache kama zilivyo.

Dawa ya kwanza ya namna hiyo, denileukin diftitox, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa jina la Ontak. Mahali pa sehemu ya kushika iliwekwa interleukini-2, protini ambayo seli za kinga hutumia kuwasiliana, na walengwa walikuwa wagonjwa wa limfoma ya seli T, saratani ya seli za kinga inayoshambulia ngozi. Iliondoka sokoni kwa matatizo ya utengenezaji na usafi wake, kisha toleo lililoboreshwa, Lymphir, likaidhinishwa mwaka 2024. Nyingine ni tagraxofusp, yaani Elzonris, iliyopewa interleukini-3, protini nyingine ya aina hiyo. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2018 kwa saratani adimu na kali ya damu ambayo mara nyingi hujitokeza kwanza kama madoa ya ngozi. Kwa ugonjwa huo haikuwapo dawa nyingine iliyoidhinishwa.

Basi kwa nini isitumike kwa saratani zote?

Vikwazo ni vingi. Nitaje vitatu vinavyouma zaidi.

Kwanza, seli ya saratani iwe na kipokezi ambacho seli zenye afya hazina, au zinacho kidogo. Kwa uvimbe wa matiti, tezi dume au ini, kipokezi safi namna hiyo ni nadra.

Pili, madhara. Linaloogopwa zaidi ni majimaji kuvuja kutoka mishipa midogo ya damu: mgonjwa anavimba, presha inashuka, maji yanaingia mapafuni. Linaweza kuua, na ndiyo sababu mgonjwa wa tagraxofusp huanza dawa akiwa amelazwa.

Cha tatu kina kejeli ndani yake. Wengi wetu tulichanjwa dondakoo utotoni. Kingamwili zetu zinaijua sumu hii na huweza kuikamata dawa kabla haijafika kwenye uvimbe. Chanjo inafanya kazi yake sawasawa, kwa adui asiye adui.

Ni kitu kimoja na Botox?

Hapana. Botox ni sumu ya bakteria mwingine, Clostridium botulinum. Haiui seli. Inakata protini ambazo neva inazihitaji ili kumwaga kemikali ya kuuamrisha msuli, basi msuli unalegea kwa miezi kadhaa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa makengeza na mikazo ya kope, si kwa mikunjo ya uso. Hiyo ilikuja baadaye.

Watafiti wanafanya nini nayo sasa?

Kazi moja inayotumika kwenye maabara nyingi imetokana na bahati ya panya. HB-EGF ya panya ina tofauti ndogo, na sumu haiishiki, kwa hiyo panya wanastahimili dozi ambazo zingemuua binadamu. Wanasayansi wakaona nafasi: mpachike panya kipokezi cha binadamu kwenye aina moja tu ya seli, mdunge sumu, na seli hizo peke yake zitatoweka. Kwa njia hiyo wanajua kila aina ya seli za kinga ina kazi gani, kwa kuangalia kinachoharibika isipokuwepo.

Huko Toronto, Kanada, watafiti wameonyesha kwamba lile tundu linaweza kupitisha protini za aina mbalimbali, hata kubwa, hadi ndani ya seli. Hapo sumu inakuwa mchukuzi wa dawa. Ni ndoto ya magonjwa ambayo mgonjwa amekosa protini fulani ndani ya seli zake. Bado ni kazi ya maabara.

Na kwa wanaouliza kama siku moja tutaachana na damu ya farasi: imeshatengenezwa kingamwili ya binadamu inayoziba sehemu ya sumu inayoshika HB-EGF, nayo imewakinga simbilisi waliopewa sumu. Ikifika hospitali, faida yake kubwa itakuwa kuepuka mzio na kutotegemea viwanda vichache vyenye farasi. Kanuni ya muda haitabadilika: nayo itashika sumu iliyo nje ya seli tu.